Bibi Aliyekuja na Chungu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki yangu, wala si mambo niliyosimuliwa kwenye treni. Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, halafu usome. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni nilikuwa nikijibu swali, mwalimu anasema, "Wewe, unaongea na dawati?" Mtu wa namna hiyo atatunga uongo wa kujitangaza kwa watu? Niamini tu.

Nilimaliza chuo cha uuguzi nikiwa na miaka kumi na tisa. Dada zetu waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu, serikali inawapangia vituo. Sisi wa miaka hii ya tisini tukaambiwa ajira zimesimama, kila mtu ajitafutie. Nikajitafutia. Ifakara nzima niliizunguka na bahasha yangu ya kaki mpaka mlinzi mmoja wa getini akawa ananiita Nesi Kesho, maana kila nikienda naambiwa njoo kesho. Mama aliuza mpunga wa akiba ili nisome. Hakuwahi kunisema. Lakini wewe unajua, mama akikutazama unavyorudi jioni na bahasha ileile, unatamani akuseme tu yaishe.

Basi nikasikia kuna zahanati ya misheni huko mbele ya Mlimba, njia ya Masagati, wanatafuta nesi wa kuzalisha. Nikapanda treni mpaka Mlimba, kutoka pale nikadandia lori la mpunga. Sista aliyekuwa mkuu wa zahanati, mama mfupi asiyetabasamu, alisoma vyeti vyangu vyote mpaka nyuma kusikoandikwa kitu. "Nitakuangalia mwezi mmoja," akasema. "Ukinifaa, unabaki. Usiponifaa, lori unalijua."

Pale kulikuwa na utaratibu ambao chuoni hatukufundishwa. Sisi tulifundishwa kwamba mama akishajifungua, kondo la nyuma linatupwa shimoni, basi. Huko kondo ni la ukoo. Mama mkwe anakuja na chungu, anapewa, anakwenda kulizika nyumbani kwake, na hapo ndipo mtoto anahesabiwa kuwa wa nyumba ile. Sista hakupenda, ila alipojaribu kukataa wanawake waliacha kuja, wakawa wanajifungulia mashambani. Kwa hiyo akaniagiza, "Bibi akija na chungu, mpe aende zake. Usianze hadithi."

Siku moja Sista alikuwa amekwenda vijijini kuchanja watoto. Mchana, mvua inapiga bati mpaka husikii unachosema, akajifungua binti mmoja anayeitwa Yustina. Mtoto wake wa kwanza, wa kike. Nilimzalisha peke yangu. Mtoto alilia vizuri, na mimi nikajiona nesi kweli kwa mara ya kwanza. Nikawa naimba huku napiga deki!

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nikasikia hodi mlango wa nyuma. Nikafungua. Bibi mmoja mrefu, amejifunga kaniki, amekumbatia chungu cheusi kilichomeguka mdomo. Ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa imechanika hadi chini. Nikapiga goti. "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Nikadhani hasikii, wazee wengi hawasikii. Akasema tu, "Nimefuata cha mjukuu wangu."

Sasa niambie, msichana kama mimi ataanzia wapi kumuuliza mtu mzima jina lake na ukoo wake? Kwetu hiyo ni sawa na kumwambia wewe mwizi. Nikampa. Nilimpa kwa mikono miwili, kwa adabu zangu zote. Alipogeuka kuondoka ndipo nilipoona kaniki yake ni kavu. Mvua ile! Kavu kama imetolewa sandukuni. Nikajifariji kwamba labda alikuwa amejikinga barazani.

Asubuhi akaingia mama mmoja ana tope mpaka magotini, chungu kipya kichwani. Alikuwa Bi Matilda, mama mkwe wa Yustina.

"Marahaba, marahaba mwanangu. Mto umejaa, nimelala kwa watu njiani. Haya, nipe mzigo wangu."

"Umeshachukuliwa, mama. Jana."

"Na nani?"

"Na bibi."

"Bibi yupi? Bibi ni mimi! Na mama yake Yustina yuko Chita, mguu umevimba, hata chooni anashikiliwa. Bibi gani huyo wa tatu?"

Nikaanza kumweleza. Urefu, kaniki, chungu. Nilipofika kwenye sikio, akakaa chini palepale kwenye sakafu yenye maji.

"Sabina," akasema.

Sabina alikuwa mke mkubwa wa mumewe. Hakuzaa. Alikufa zamani, akazikwa pembeni ya shamba lao. Katika nyumba yao marehemu hupewa mjukuu wa kurithi jina, lakini la Sabina halikupewa mtu. "Nilikataa mimi," Bi Matilda akaniambia, wala hakunificha. "Alinitesa akiwa hai. Nikasema hawezi kuja kuwakalia hata wajukuu zangu."

Tulikuwa bado tunaongea Yustina akaniita. Mtoto hataki ziwa. Nikamshika: baridi. Nilimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nikawafunika kwa blanketi na khanga zote zilizokuwepo. Sista aliporudi akawa anampa maji ya sukari kwa kijiko, tone kwa tone. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna gari la kumpeleka hospitali. Hadi alasiri midomo ya mtoto ilikuwa ya zambarau.

Bi Matilda akanivuta upenuni. "Wewe uliyempa kwa mkono wako ndiye unayeweza kumdai. Twende kabla jua halijazama."

Sista alisikia. "Sikiliza, binti. Ukiacha zamu yako ukaongee na makaburi, sanduku lako utalikuta mlangoni."

Nikamfikiria mama. Nikaifikiria ile bahasha. Yustina alikuwa amelala, machozi yanamwingia masikioni, akasema, "Dada nesi, nenda. Nakuomba." Nikavua aproni.

Shamba lao lilikuwa upande wetu wa mto, si mbali, ila maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu na mpunga kiunoni. Bi Matilda alisimama kwenye tuta akageuza uso, akanionyesha kwa kidole tu. Nikaenda peke yangu mpaka kwenye matete. Mwenyezi Mungu ananiona ninavyoandika: alikuwepo. Alikuwa amekaa kitako, amepakata kile chungu kama mtu anavyopakata mtoto, anakitikisa polepole.

Nikapiga goti majini. "Bibi, nilikupa mimi. Naomba unirudishie. Mtoto anakufa."

Akaacha kukitikisa chungu. "Ataitwa nani?"

Nikageuka, nikapaza sauti kama sijawahi kupaza maishani mwangu. "Mama! Anauliza mtoto ataitwa nani!"

Bi Matilda aliniambia baadaye kwamba alipogeuka hakuona mtu, aliona tu mpunga unatikisika bila upepo. Nilimwona anatafuna shavu lake. Kisha akapiga kelele, "Sabina! Ataitwa Sabina! Haya, umenishinda, mwanamke wewe, umenishinda mpaka kaburini! Mwachie mtoto!"

Yule bibi akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha kawaida, kama cha mtu aliyeshinda bao. Akaninyooshea chungu. Nilipokipokea, baridi iliniingia viganjani ikapanda mpaka kwenye viwiko. Nilipoinua macho palikuwa na matete tu. Bi Matilda alikichukua chungu bila kukifungua, akakimbia nacho kwake kukizika.

Nilirudi zahanati giza linaingia. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mtoto analia kwa nguvu, kisha kimya cha mtoto anayenyonya. Na sanduku langu lilikuwa pale nje, limefungwa kamba vizuri.

"Kapona kwa joto la mama yake na kwa sukari yangu," Sista akasema. "Ulimfunga vizuri, nakushukuru. Lakini nesi anayemwacha mgonjwa mahututi akaenda kwenye majani, simtaki." Nikabeba sanduku langu. Huenda ana haki. Mara nyingine hata mimi nafikiri hivyo, mpaka nikigusa viganja vyangu.

Kwa sababu havijapata joto tangu siku ile. Nakaa jikoni kwa mama navianika kwenye moto, ngozi inaungua, ndani baridi. Nilipata majaribio kwenye zahanati nyingine, nikaambiwa nimpime mama mjamzito. Nilipomgusa tumbo akaruka. "Mama yangu! Huyu nesi kafa lini?" Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Baadaye wakaniambia nafasi imejaa. Sabina mdogo anakua, Yustina hunitumia salamu kwa watu wa treni, eti ameanza kusimama. Nafurahi, halafu nalia.

Kwa hiyo wewe unayemaliza chuo mwaka huu, unayeomba upate popote hata porini, nisikilize. Mzee akija mlangoni mwamkie, mpigie goti. Lakini kabla hujaachia kitu cha mtu mikononi mwake, muulize wewe ni nani, na ni wa nani. Akuone huna adabu, akutangaze kijiji kizima, usijali. Mimi nilikuwa na adabu, na leo kila ninayempa mkono anauvuta wake upesi, anaufuta kwenye nguo.