Ubishi wa HDR Sebuleni Kwetu

Mume wangu akinunua kitu, hununua na ubishi wake. Alipoleta televisheni mpya nyumbani kwetu Kayanga, pana hadi kabati la vyombo likahamishiwa ukumbini, nilijua raha yangu imekwisha. Mimi niliiona picha, nikaridhika, nikataka tutazame filamu kama watu wengine. Yeye alikuwa ameshasoma mtandaoni, na mdomoni mwake likabaki neno moja tu: HDR.

Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa sijui, HDR ni namna ya kutengeneza picha ili mwanga uwe mwanga kweli na giza liwe giza kweli, bila jua kuunguza picha nzima wala kivuli kumeza watu. Balaa ni kwamba si ya aina moja. Ipo HDR10 ya kawaida, ambayo huipa televisheni maelekezo ya mwanga mara moja tu, mwanzo wa filamu, halafu basi. Ipo HDR10+, na ipo nyingine ya kulipiwa leseni, na hizo mbili hutoa maelekezo upya kila tukio linapobadilika. Ipo pia HLG, ambayo zaidi ni ya matangazo ya moja kwa moja, mpira na kadhalika. Alinieleza yote haya nikiwa namenya ndizi. Nikamwambia kumbe ni habari ya chumvi: mmoja anatia mara moja na kufunika sufuria, mwingine anaonja kila anapokoroga. Alinuna kwa sababu nilikuwa nimelifupisha somo lake, lakini baada ya hapo kila mgeni aliyeingia alielezwa habari ya chumvi kana kwamba aliivumbua yeye.

Akatafuta kipande kimoja cha filamu katika aina zote nne, akakiweka kwenye flashi. Ni jioni. Mwanamke amesimama mlangoni mwa nyumba ya mawe, ameshika taa, na nyuma yake, ndani kabisa gizani, ameketi mzee. Televisheni yetu haina mwanga mkali sana, kwa hiyo kwa HDR10 mzee alipotea, ukabaki weusi mtupu. Kwa HDR10+ alionekana hadi makunyanzi ya shingo. Kwa HLG alionekana nusu, kama mtu asiyejua akae au aondoke. Ile ya leseni, ambayo mume wangu aliisifu kuliko zote, televisheni ilikuwa bado haijakubali kuifungua, na kila alipopata nafasi alikuwa akihangaika na mipangilio.

Mimi nilishika upande wa HDR10, nusu kwa kuamini na nusu kwa ukorofi. Nilisema mzee akae gizani, labda filamu ilitaka tushtuke baadaye. Mume wangu alisema mtu hawezi kushtushwa na kitu ambacho televisheni imekificha kwa udhaifu wake. Tulibishana hivyo wiki nzima, tukiwa tunapiga mswaki, tukiwa tunapanga foleni sokoni. Watoto wakachoka, wakawa wanatazama katuni kwenye simu.

Mama yangu alipokuja kutoka kijijini kwake Kamuli, baada ya kahawa yake kuanikwa na kuuzwa, nikasema hakimu amefika.

Hapa lazima nieleze jinsi mama anavyokaa nyumbani kwangu. Kwetu, mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kuepukana. Mama hamkodolei mkwewe macho. Mume wangu akiingia na kusema shikamoo, mama huitika marahaba huku anatazama mkeka, khanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Haketi kwenye kochi pamoja naye. Huketi pembeni, ubavu kwa televisheni, na akiwa na neno la kumwambia hulipitishia kwangu. Majirani walinisifia mama kwa hilo. Walisema wanawake wa siku hizi wanawatazama wakwe zao kama wanatazama bei dukani, lakini mama yako anajua heshima, na kila anavyozeeka ndivyo heshima inavyozidi. Nilifurahi sana kusikia hivyo.

Jumapili baada ya ibada tulifunga mapazia na mume wangu akaanza mashindano. Alizima sauti kabisa, akidai kwamba sauti nzuri huwafanya watu waone picha nzuri hata kama ni mbovu. Akaweka HDR10. Nikamgeukia mama, nikamuuliza anaionaje. Mama aliinua kidevu kidogo, akasema kwa Kinyambo, lugha yetu, “Kyera.”

Neno hilo ni kuwa nyeupe, na pia ni kuwa safi, kung'aa, kutakata. Nikampigia mume wangu makofi ya ushindi. Akaweka HDR10+. Mama akasema kyera. Akaweka HLG. Kyera. Mume wangu alilalamika kwamba hakimu anapendelea wote, nami nikamjibu kwamba hakimu ana adabu, hataki kumwaibisha mkwe.

Akafika kwenye ile ya leseni. Televisheni ikazima picha, kama inavyofanya ikibadilisha aina, tukangoja, na picha haikurudi. Kioo kilibaki cheusi, kwenye kona maandishi madogo yakisema faili hili haliwezi kuchezwa. Mume wangu akaguna, akaanza kuitafuta rimoti.

“Hiyo sasa ndiyo nzuri,” alisema mama. “Mwambie mkwe asiibadilishe.”

Mume wangu aliangua kicheko. Alidhani mama amemtania, na kutaniwa na mama mkwe ni jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumpata. Nami nilicheka, machozi yakanitoka. Nilipogeuka kumtazama mama, hakuwa anacheka. Alikuwa anatabasamu kwa upole, anangoja tumalize, kama mtu aliyepitwa na jambo na hataki kuuliza.

Nikatoka kwenye kochi nikapiga magoti mbele yake.

“Mama, kwenye televisheni kuna nini?”

“Si yule mwanamke mwenye taa?”

Tangu afike tulikuwa tukimtaja mwanamke huyo kwa sauti asubuhi na jioni, na mume wangu akiisifu ile ya leseni. Nikaiinua khanga yake kutoka usoni. Sikumbuki kama niliwahi kufanya hivyo tangu niwe mtu mzima. Katikati ya jicho, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na weupe mzito wa maziwa, na jicho la pili lilikuwa hivyo hivyo. Lilinitazama sikioni, si usoni.

“Ni nyeupe tu, mwanangu,” alisema polepole. “Kila kitu ni cheupe.”

Mama yangu alikuwa haoni, na sisi hilo tulikuwa tumeliita heshima. Kule Kamuli walisema vibarua wake wazembe kwa sababu kahawa yake ilichanganyika mbichi na mbivu. Kumbe alikuwa anaichuma mwenyewe kwa kupapasa. Tenzi kanisani aliziimba kwa kichwa. Njia za migombani miguu yake ilizijua. Nilimuuliza kwa nini hakusema, sauti yangu ikiwa kali kuliko nilivyotaka. Alijibu kwamba alidhani ndio uzee, na uzee hausemewi. Mume wangu alikuwa amesimama na rimoti mkononi, mdomo wazi, hajui kama heshima inataka atoke au abaki. Akatoka kwenda kutafuta gari.

Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa. Angeanza na jicho moja. Alitwambia wazi kwamba nyuma ya ukungu ule hawezi kuona kama jicho bado lina nguvu. Huenda akautoa na kukuta nyuma yake hakuna uwezo tena. Tungejua siku ya kufungua bandeji. Sikulala.

Baada ya upasuaji, muuguzi alipoiondoa bandeji, mama alipepesa muda mrefu. Aliutazama ukuta. Aliitazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akanigeukia, na safari hii jicho lilitua usoni kwangu, halafu likapanda juu na kusimama hapo.

“Mwanangu,” alisema, “mvi hizi zimekuota lini?”

Nina mvi tangu mtoto wangu wa mwisho hajaanza shule. Sasa yuko darasa la tano.