Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kufikia mwaka wa tisini na tisa, hakuna kitu ambacho kingenishangaza. Niliachia shule darasa la sita, nikabeba mizigo viwandani, nikanunua kamera ya video kwa jasho langu, na mtaa mzima wa Makongeni ulijua kwamba harusi au mazishi bila mimi hayajakamilika. Wenye diploma walikuwa wakija kuniuliza mambo ya mwanga.

Kwa hivyo nilipoamua kujiundia kompyuta ya kukatia na kuunganishia picha, sikuuliza mtu. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, na nafasi iliyobaki ilikuwa kwenye kabati, kando ya televisheni. Ilibidi iingie hapo. Nilienda mjini nikachagua vipande jinsi ninavyochagua nyama pale soko la Burma: natazama, nabonyeza, napima uzito kwa mkono. Nilichukua kadi ya kunasa picha iliyokuwa nzito kuliko zote, diski kubwa kuliko zote, na kadi nyingine ya gemu, wateja wapate kushindana magari wakinisubiri. Kisha nikaonyesha sanduku dogo, kama la kuwekea mkate.

Binti aliyekuwa akiuza alinitazama juu ya miwani. "Mzee, hilo halina pumzi. Vitu vyote hivyo vitapikika humo. Chukua lile refu, ama uongeze feni ya pili."

"Dada, wewe umeunda kompyuta ngapi?"

"Wiki hii? Nne."

Nikalipia dogo, bila feni. Feni ni kelele tu.

Nyumbani kila kitu kilikuwa na kitambaa alichofuma mke wangu: televisheni, redio, viti, hata jagi la maji. Kompyuta peke yake ilikaa uchi. Ni mimi, si yeye, niliyesema ifumiwe kitambaa kipana, kifike chini pande zote. Majirani walikuja kukisifu.

Jirani yangu, mfanyakazi wa reli, alifiwa na mama yake, na mazishi hayo yakawa kazi kubwa ya kwanza ya hiyo kompyuta. Nilisafiri naye hadi kwao magharibi. Dada wa jirani huyo hakuweza kufika kumzika mama yao. Alikuwa amelazwa hospitali, na jirani akamwahidi kwamba ataona yote kwenye kanda. Niliporudi nilihamishia picha zote kwenye diski. Na kwa vile niliiamini mashine yangu, kanda ileile nikaenda nayo harusini Jumamosi.

Siku hiyo vijana wa ploti yetu walicheza gemu ya magari kwenye kompyuta tangu asubuhi. Niliporudi jioni, kitambaa kilikuwa na joto kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Ndani, diski iligonga, tik, tik, ikanyamaza. Fundi aliisikiliza, akanirudishia mkononi. "Hii imeenda."

Jirani alikuja Jumapili baada ya kanisa. Nikamweleza.

"Lakini kanda si iko?"

"Nimepigia harusi juu yake."

Alikaa akitazama kile kitambaa. "Kwa hivyo mama yangu ako chini ya bibi harusi." Akachukua kofia yake. "Dada yangu utamwambia wewe mwenyewe."

Nikaenda kwake; alikuwa amekwisha kutoka hospitali. Yule dada hakunitukana. Alinipa kiti, akanipa chai. "Wewe ulisimama karibu kuliko watu wote," akasema. "Nihadithie. Walimvalisha nini?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwa jeneza, jicho langu kwenye kijitaa chekundu cha betri ya kamera. Nikasema nguo ilikuwa nyeupe.

"Nyeupe hakuwa nayo," akasema polepole, akaniongezea chai.

Nyumbani nikapiga hesabu. Sanduku dogo, kadi mbili, diski ya kwanza na ya pili, sanduku refu nililorudi kununua kwa yule binti, feni, na nauli ya kwenda na kurudi kwa yule dada: shilingi laki moja, elfu kumi na mbili, mia sita na hamsini.