Mkono wa Saisi wa Tunçbilek

Kwa misimu minne Zülküf alilala hatua mbili kutoka kwa Tunçbilek, farasi wa mbio. Ndiye aliyempiga burashi, akamlisha shayiri, akampeleka uwanjani Istanbul mara kumi na nne na kurudi naye mshindi mara kumi na moja. Farasi alipostaafu na kuletwa shambani Karacabey aanze kuzalisha, saisi huyu, mtunza farasi kutoka Urfa, alifunga virago akaja naye.

Lakini Tunçbilek hakupanda. Majike watatu waliletwa, wote wako tayari kabisa. Akawanusa, akalaza masikio, akarudi nyuma. Wa nne angekuja Alhamisi. Bingwa akishindwa tena, alisema mwenye shamba, atahasiwa na kuuzwa.

Alhamisi asubuhi Zülküf alikuwa akinywa chai na Halit, saisi wa shamba, na Nermin, daktari wa mifugo.

"Kaka Zülküf," Halit alisema, "bwana harusi wako anangoja nini, apigiwe ngoma?"

"Kunywa chai yako."

"Umemtia adabu mpaka imepitiliza! Nani ataoa huku baba yake kamkodolea macho?"

Nermin alicheka. Zülküf hakucheka.

Jike alipoingizwa, Tunçbilek aliinua shingo, akaanza kulia. Mara akanyamaza, jicho lake likamgeukia Zülküf. Hapo Zülküf akaona mkono wake mwenyewe umeshainuka. Misimu minne, kila farasi alipowalilia majike njiani kwenda mbioni, alimchapa kofi dogo puani: tulia. Masaisi wote hufanya hivyo. Farasi wa mbio hatakiwi kuwaza mengine.

Akaushusha mkono. "Halit, shika kamba."

"Mimi? Huyu hamjui mtu ila wewe."

"Ndiyo maana."

"Akinikanyaga je?"

"Utakuwa umekanyagwa na bingwa. Dada Nermin, mimi natoka."

Alikwenda hadi nyuma ya ghala la nyasi, asionekane wala kunuswa, akasimama mikono mfukoni. Alisikia kwato, kisha matusi ya Halit, kisha kimya. Halafu ukaja ule mlio aliokuwa akiukatiza miaka yote. Safari hii uliachwa ukafika mwisho.

Nermin alitoka akijifuta mikono. "Amepanda! Bado majike thelathini na wanane msimu huu."

Halit alifuata na farasi aliyelowa jasho, akamnyooshea Zülküf kamba. "Haya, chukua mtoto wako."

Zülküf hakutoa mikono mfukoni. "Kamba ni yako mpaka msimu uishe Juni. Mlete taratibu, mimi natangulia kumwekea shayiri."