Mbwa wa Chifu kwenye Orodha ya Mbolea

Nianze na upumbavu wenyewe: niliandika jina la mbwa wa chifu kwenye orodha ya kuponi za mbolea. Mbele yake nikaongeza "Bwana", maana mbwa huyo alikuwa na kitambi.

Orodha ilibandikwa ukutani mwa ghala la kijiji, nje kidogo ya kambi yetu ya Dzaleka, ili kila mtu aone serikali inampa nani mbolea ya bei rahisi. Sisi wakimbizi hatumo. Lakini kila mstari ulitaka namba, na namba pekee niliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya karte yetu, ile kadi ya rasheni. Mtoto yeyote wa kambini anaijua yake. Tunaitaja kwenye foleni tangu tukiwa na meno ya maziwa. Nikaiandika pale, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, nikaenda zangu kucheka.

Siku ya tatu karani akaja kutoka Lilongwe kusoma orodha hadharani. Nilienda na mama. Yeye alikuwa na sababu: alilima shamba la agogo mmoja, bibi wa kijiji hicho. Agogo anatoa udongo na kuponi, mama anatoa mgongo, mahindi wanagawana. Bila ile mbolea tungevuna mahindi ya ukubwa wa vidole, na mvua ilishaanza.

Jina la agogo likasomwa. "Zikomo!" akaitika, yaani asante. Mistari miwili chini, karani akamsoma Bwana mbwa. Watu wakaangua kicheko, na mi nikacheka kuliko wote. Karani hakucheka.

"Ukurasa huu umechezewa. Naufuta wote. Waliomo wangoje msimu ujao."

Kicheko kikakatika. Agogo akamshika mama mkono. Karani akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Na namba hii si ya kijiji. Ni ya kambini."

"Wakimbizi!" mtu akapiga kelele nyuma. "Tumewapa mashamba, sasa wanataka na kuponi!"

"Isome hiyo namba," chifu akasema.

Karani akaisoma, tarakimu moja moja. Kwenye ya tatu mama akanigeukia.

"Mi njo niliandika, ni mimi." Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Mama hajui. Agogo hajui. Ilikuwa ya kucheka tu."

Karani akanipa kalamu. "Andika tena."

Nikaandika jina la mbwa mbele ya kijiji kizima. Akalinganisha herufi. Chifu akamwangalia mbwa wake, aliyelala ubavu kwenye ngazi ya ghala, akaniangalia mimi, kisha agogo.

"Futa mbwa. Wengine wabaki."

Karani akapiga mstari mmoja juu ya jina la mbwa, akatia saini kando yake.

Njiani mama alitembea mbele, mi nilihesabu nyufa za visigino vyake mpaka nyumbani. Mlangoni akageuka.

"Siku mbolea itafika, utabeba gunia ya agogo ku kichwa, toka depo ya mbolea mupaka ku shamba. Na ukikutana na ile mbwa ku njia, simama pembeni, uipishe. Yenyewe njo mwenyeji."