Kaimati Zilizoungulia Korea

Kwetu mgonjwa hapumziki, hutazamwa. Nimezaliwa Unguja nikazeekea London, na katika miji yote miwili sikuwahi kuona mtu wetu anaugua na mlango wake umefungwa. Anayekuja kumtazama huja na sufuria ya supu, au na mikono mitupu na maneno mengi. Hukaa mpaka chai ya pili, na akiondoka hupishana ngaziani na anayeingia. Nikiliona jambo hilo kuwa fahari yetu mbele ya Waingereza, ambao jirani yao akilazwa humtumia kadi.

Mke wangu alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo wakati wa baridi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulikuwa tukikaa Barking, mashariki ya London, kwenye fleti ya ghorofa ya pili, na mimi nilikuwa nikikata tiketi katika kituo kimoja cha treni. Tangu siku aliporudi kutoka hospitali, watu hawakukatika. Walikuja kutoka mitaa ya mbali, Tooting na Edgware Road, wengine wala sikuwajua, ila walikuwa wamesoma skuli moja na shemeji yangu. Mimi nilikaa kwenye kochi kubwa nikiwasimulia upasuaji kana kwamba nimepasuliwa mimi.

"Mgonjwa yuko wapi?" huuliza mgeni.

"Yupo, anakuja."

Naye alikuja. Alikuja kwa sababu nilimwita, na kosa hilo ni langu, simtupii mtu. Alitoka kitandani ameshika tumbo, akajifunga kanga, akakaa kwenye kiti cha mbao na kumjibu kila mmoja "Alhamdulillahi". Mgeni akimwambia, "Ah, umeshapona wewe! Tazama uso ulivyong'ara!" yeye huchukua maneno hayo kama amri, akaingia jikoni kuchemsha chai. Mie kutia maji kwenye birika sikujua, na sikutaka kujua.

Miezi ikapita, mshono ukawa bado unamsumbua. Nesi wa kliniki aliuliza kama nyumbani anapata mapumziko. Nikawahi kujibu mimi: "Sana. Hata peke yake hatumwachi." Mke wangu akatazama dirishani.

Aliyekata shauri ni binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa akisomesha Kiingereza Korea ya Kusini. Mtoto huyo kazaliwa London. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Kila akipiga simu alisikia vikombe na vicheko, mpaka siku moja akamuuliza mama yake, kwa Kiingereza chake, kama ile ni nyumba au ni stesheni. Akasema huko aliko watu wa mjini wakichoka hukimbilia vijijini, kwenye vilima vya chai, wakakaa tu na kutazama majani. Akatutafutia chumba kwa bibi mmoja mjane. Nikaomba likizo, tukafunga safari mwisho wa mwezi wa tano.

Sanduku nilipakia mimi: unga wa ngano, hamira, hiliki, tende na chupa ya chai. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu.

Nimeona kijani kingi maishani mwangu, lakini cha kule kilikuwa na utulivu wake. Chini bondeni mpunga ulikuwa umepandikizwa karibuni, miche imesimama ndani ya maji na mbingu imelala katikati yake. Juu yake kilima kizima kilikuwa chai, mistari imekatwa sawasawa na kuzunguka kama ukili uliosukwa na mkono mmoja. Nyumbani kwa yule bibi tulivua viatu mlangoni, tukakaa chini, tukaletewa wali, samaki na mboga kwenye meza fupi. Mke wangu alipapasa sakafu kwa kiganja akasema, "Hawa watu wetu hawa." Binti yetu akakaa nasi siku mbili, akarudi mjini kwenye kazi yake.

Mke wangu alilala. Alilala asubuhi, akala, akalala tena. Na mimi kimya kile kikanishinda. Vyura waliimba, ndege mmoja akaita kutoka msituni, kisha basi. Hakuna hodi. Nikahisi kama tumesahauliwa duniani.

Siku ya tatu nikagundua kwamba kijiji kina baraza. Ni banda la mbao lisilo na kuta, limejengwa pembeni ya njia chini ya mti mkubwa, na wazee huvua viatu wakapanda kupunga upepo. Nikapanda na mimi. Lugha hatukuwa nayo hata neno, lakini mzee na mzee hawakosi la kufanya. Mmoja alivaa kofia yangu, wenzake wakacheka mpaka wakapigana mapaja. Wakanigawia viazi vitamu vya kuchemsha. Nikaona nina deni la ukarimu, nikawaita nyumbani kwa mikono yote miwili: twendeni, twendeni, chai!

Niliingia na kundi zima. Mke wangu alikuwa amekaa ukumbini anatazama kilima.

"Tuna wageni," nikamwambia. "Ule unga tulioleta, si unatosha kaimati?"

Alinitazama, akawatazama na wale wazee waliokuwa wakimwinamia kwa heshima. Akamwashiria bibi mwenye nyumba amwonyeshe jiko, akakanda unga, akaufunika. Sisi tulikaa tukinywa chai ya hiliki, wao wakikunja nyuso kwa utamu wake, mie nikifurahi kuliko nilivyofurahi tangu tutoke London. Baadaye nikasikia mafuta yanachacharika, na baada ya hapo nikasikia harufu ya kuungua.

Jikoni hapakuwa na mtu. Kaimati zilikuwa nyeusi kama makaa, zinaelea kwenye mafuta yanayotoa moshi. Mzee mmoja alinipita akazima gesi. Nikaita. Nikatazama chumbani, nikatazama uani. Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa akimenya vitunguu mlangoni, akanionyesha kwa kidevu upande wa kilima.

Nilipanda mbio na miguu yangu ya uzee, nikipenya kati ya mistari ya chai, nikiwaza kwamba ameanguka. Nikamkuta karibu na juu. Alikuwa ametandika kanga kwenye ujia kati ya mistari miwili, amelala ubavu, mkono chini ya shavu, na majani yamempa kivuli.

"Unaumwa?"

"Nimelala."

"Umelala porini! Na wageni wako kule..."

"Wageni wa nani?" Hakufungua macho. "Baba watoto, kaa chini. Acha kunisimamia kama polisi."

Nikakaa.

"Kule London walikuja kunitazama," akasema. "Nikakaa mimi nikawatazama wao. Huyu hali sukari, yule chai yake ya maziwa. Nikasema haya, ndiyo desturi, na mume wangu anafurahi. Sasa umenileta mwisho wa dunia, kwa watu ambao hata salamu yetu hawaijui. Na wageni umewapata!"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nitakwambia neno moja, kisha niache nilale. Mshono huu unanivuta mpaka leo. Nikirudi kwenye nyumba ile ile, nikaitwa na sauti ile ile, mie naona sitafika mbali. Lakini wewe usihuzunike. Kwenye matanga watakuja wengi zaidi. Utafurahi."

Akageukia upande wa pili. Bondeni niliwaona wazee wangu wakitoka nyumbani mmoja mmoja, wakirudi barazani, mmoja bado amevaa kofia yangu. Nikakaa pale pale nikimpungia nzi kwa tawi la chai. Kivuli kilipohama nikahamia upande wa jua, nikawa kivuli mimi. Nadhani hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumtazama mgonjwa.

Tangu siku hiyo nilimchukulia sinia mimi. Chai nilijifunza kuchemsha jikoni kwa yule bibi, aliyenipiga kofi mkononi nilipojaza majani mpaka juu. Nilipotaka watu, nilichukua chupa yangu nikaenda barazani kwao. Mke wangu alipanda kilima kila siku na kanga yake, kwanza mpaka mstari wa chini, mwisho mpaka juu kabisa bila kushika tumbo. Binti yetu aliporudi kutuchukua alimkuta mama yake anachuma mboga na yule bibi, wanazungumza kila mmoja lugha yake. Akaniangalia mimi, akauliza kwa Kiingereza nimefanya nini. Nikamwambia sikufanya kitu. Lilikuwa jibu la kweli.

Tulirudi Barking, na siku ya pili tu kengele ikalia. Nilishuka mwenyewe mpaka mlango wa chini. Walikuwa marafiki zangu wawili wa Edgware Road, mmoja kashika bakuli la biriani.

"Tumekuja kumtazama mgonjwa, yakhe."

"Ahsanteni. Kalala. Bakuli nitampelekea. Tutoke, chai ya leo juu yangu."

Wakatazamana. "Hatupandi?"

"Hampandi."

"Huyu si wetu tena," akasema mmoja. "Katurudia Mkorea huyu!"

Maneno yalienea, na wapo walionikatia mguu kabisa. Nawaelewa, maana mimi mwenyewe ningewasema watu wa namna hiyo. Siku ile niliwaacha wakingoja mlangoni, nikapanda ngazi taratibu kwanza, nikaweka biriani mezani, nikachukua koti langu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo.

"Nani huyo?" akauliza.

"Hakuna mtu."

"Muongo," akasema kwa sauti ya usingizi, akavuta shuka, akageukia ukutani.