Nondo Chini ya Glasi

Nilipokuwa mtoto kule Kuluba, kijijini kwetu mpakani, usiku mmoja nilisikia sauti: tik. Kitu kiligonga kioo cha taa, kikatulia. Alikuwa nondo wa kijani, mdogo kama ukucha wa dole gumba, mabawa ameyatandaza bapa mezani kama jani lililoanguka.

“Usipige,” bibi alisema. “Hiyo iko mtu. Iko mtu yetu, anatafuta nyumba.”

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Mama alivuka mpaka kwenda kuuza nguo nikiwa na miaka mitatu, hakurudi. Tangu hapo bibi hakulitaja jina lake. Aliamini kwamba jina la aliyepotea hutajwa mara moja tu, siku ya kumuaga. Nikakua nikimjua mama kama “yule”.

Bibi aliposinzia, nilimfunika nondo kwa glasi ya chai. Sikutaka mama aondoke tena. Nikalala sakafuni, mkono mmoja umeshika mguu wa meza.

Siku hizi nawajua wadudu hao. Nilipokuwa chuoni Arua niliwaona ukutani karibu kila usiku wa mvua. Ni wa kawaida kabisa. Mchana hulala chini ya majani, huwatofautishi na majani. Usiku hufuata mwanga wowote, wa nyumba yoyote. Na kijani chao hakidumu, hupauka. Nilipojua hayo nilizima taa, nikakaa peke yangu gizani, nisije nikamwita mgeni nisiyeweza kumpokea.

Asubuhi ile sikujua lolote. Nilimkuta nondo amepauka, rangi ya maji ya mchele, ncha za mabawa zimechanika kwa kujigonga. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Wewe! Unafungia mgeni kama kuku?” Alicheka kidogo, kisha akaacha.

“Akienda hatarudi, bibi.”

“Na akibaki?”

Leo nadhani hakuwa akiniuliza mimi.

Aliinua glasi, akambeba nondo kiganjani mpaka mlangoni. Nondo hakuruka. Bibi akampulizia polepole, mara moja, mara mbili, kama alivyopoza uji wangu. Mabawa yakatetemeka. Nami nikashika kanga yake, nikasubiri.

“Enda, mtoto yangu,” akasema. “Enda, Zaitun.”