Faili Aliloliacha Wazi Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike hajawahi kufunga kitu maishani mwake. Mtungi wa maji ataacha wazi, mlango wa uani ataacha wazi, na kwenye kompyuta ataacha faili wazi akaenda zake kula. Mimi ni mtu wa kufunga. Kwa hiyo tulipopewa kazi ya kuandika pamoja kijitabu cha akina mama wajawazito, kwa Kiswahili chetu cha hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nilijua tutagombana. Hatukukawia.

Faili lilikuwa moja tu, limewekwa mtandaoni ili mimi nilifikie nikiwa nyumbani na yeye alifikie kijijini kusini, alikokuwa akifundisha watu wazima kusoma. Programu tuliyoandikia ilikuwa na adabu yake. Mmoja akilifungua faili, inaliwekea kufuli kwa jina lake. Mwingine akija anaambiwa: faili hili linatumiwa na fulani, wewe soma tu. Ni kama kupiga hodi ukaambiwa subiri barazani, mwenyewe anavaa. Sina tatizo na kusubiri. Lakini huyu wangu alikuwa anavaa kuanzia asubuhi mpaka jioni.

“Toka kwenye ficheiro, nataka kuandika!” nampigia simu, faili nikiliita kwa Kireno.

“Nshatoka, dada.”

“Hujatoka. Jina lako naliona hapa.”

“Basi ntatoka nikimaliza kula.”

Akitoka naingia, na nikiingia nakuta amenifutia sentensi. Kila mara ile ile. Niliandika kwamba mama akiona dalili ya hatari ashauriane kwanza na mumewe, kisha aende hospitali. Wazee wa mtaa walituomba hivyo, na mimi sikutaka kijitabu kikataliwe msikitini na kanisani kabla hata hakijachapwa. Yeye anaifuta. Mimi nairudisha. Anaifuta tena, wala haniambii.

Siku moja mtandao wake ulikatika tukiwa wote wawili kazini, kila mmoja akaandika ya kwake, na ulipomrudia programu haikujua imsikilize nani. Ikatupangia ugomvi wetu kwenye kioo, maneno yangu kushoto, yake kulia, ikauliza tubakize yapi. Mama yetu alichungulia begani kwangu. Kireno cha mashine hakijui, lakini alielewa.

“Hata hiyo imechoka nanyi,” akasema.

Kisha vijiji vya kusini vikashambuliwa, barabara ikafungwa. Machapa, zile daladala zetu, yaligeuzia njiani, na watu wakaanza kuingia mjini kwa miguu, na mafurushi kichwani. Wa kijiji chake nao walifika. Wengine hawakukaa, walipitiliza hadi mpakani Namoto wakavuka kwenda kwa jamaa zao Tanzania. Tuliwauliza wote tuliowaona. Mmoja aliapa kwamba mdogo wangu hakutoka kabisa. Mwanamke mwingine alisema alimwona akikimbia na begi la kompyuta mgongoni. Badala ya kumshukuru nikamfokea maskini yule mama, kana kwamba yeye ndiye aliyelibeba: mtu gani anakimbia na kompyuta? Si angebeba maji! Si angebeba viatu!

Simu yake iliokotwa njiani na jirani yake. Alituletea, kioo kimepasuka. Mama aliipokea kwa mikono miwili akaiweka chini ya mto wake, na kuanzia hapo hatukuwa na namba ya kupiga.

Nilichobaki nacho ni lile faili. Kila siku nalifungua, na kila siku naambiwa lile lile: linatumiwa na mdogo wangu, jina lake kamili kwa herufi kubwa. Nilijua maana yake, au tuseme nilijua kwamba halina maana. Kufuli hubaki hata kama mashine imezimwa, imeingia maji, au ipo mikononi mwa mtu mwingine. Nilikuwa nimemweleza yeye mwenyewe jambo hilo mara nyingi, kwa ukali. Hata hivyo nilikuwa nikiliona lile jina moyo unatulia kidogo, halafu naona aibu kwa kutulia, halafu nalifungua tena.

Mama naye alikuwa na lake. Kwetu mtu akitoka kwenda safari hufagii nyuma yake, usije ukamfagia asirudi. Ni jambo la siku ile ile tu, kesho yake unafagia kama kawaida. Lakini mama hakukigusa chumba cha mdogo wangu tangu habari mbaya zianze. Maganda ya karanga alizokula alipokuja mara ya mwisho yalikuwa bado sakafuni. Mimi nisiyevumilia hata unyoya kwenye mkeka nikawa nayaruka.

Asubuhi moja akaja mkunga wa hospitali, yule aliyetupa ile kazi.

“Mana, dada yangu, nakitaka kile kijitabu,” akasema. “Wanawake wamejaa pale, wana mimba, wanalala chini ya maturubai. Hawajui hata waanzie wapi.”

“Ficheiro limefungwa.”

“Si ulifungue?”

“Nitalifungua vipi, na mwenyewe yumo?”

Alinitazama. “Yumo wapi, mana?”

Ningeweza kutengeneza nakala nikaandikia humo, ndiyo, ila mkunga alikuwa anachapisha moja kwa moja kutoka kwenye faili lile, na tulishawahi kuchanganya nakala mbili tukachapa ile mbovu. Lakini nisijisingizie nakala. Ukweli ni kwamba niliogopa. Programu ilinipa njia tatu: nisome tu, ninakili, au niondoe kufuli. Kuondoa kufuli ilikuwa kuchukua ufagio, kuingia chumbani kwake na kuanza na yale maganda.

Mkunga alipoondoka nilibonyeza. Jina likapotea, upesi, bila kelele yoyote.

“Umefanya nini?” mama akauliza kutoka jikoni. Sijui alihisi nini.

“Sijafanya kitu, mama.”

Niliandika hadi adhuhuri. Nikasahihisha ukurasa wa dalili za hatari. Sentensi yangu ya mume niliiacha ilipo, maana hapakuwa na mtu wa kuifuta, na kwa hilo nililia kuliko nilivyolia kwa ile simu. Nikapangusa macho nikabonyeza kuhifadhi.

Mashine ikakataa. Faili hili limebadilishwa na mtu mwingine tangu ulipolifungua. Ukihifadhi, mabadiliko yake yatapotea.

Msidhani nilifurahi. Nilichojua ni kwamba kompyuta yake imewashwa na imepata mtandao, basi. Nani kaishika? Huenda imeuzwa. Huenda ni kijana fulani mahali fulani anabonyeza ovyo aone inafanya nini. Nilikaa nikiyaangalia yale maneno, na nikatamani mashine izimike nisilazimike kujua.

Kulikuwa na kitufe cha kulinganisha. Nikakibonyeza.

Kushoto yangu, kulia ya huyo mtu. Nikashuka ukurasa kwa ukurasa, yote sawasawa, hadi kwenye dalili za hatari. Kushoto ile sentensi yangu ipo. Kulia haipo. Mahali pake pameandikwa: “Ukiona damu, nenda. Mumeo atakukuta huko huko.” Chini yake kulikuwa na mistari ambayo sikuwahi kuiona: “Ukilazimika kukimbia, chukua kwanza maji na kadi ya kliniki. Usitembee peke yako. Ukichoka sema, watakusubiri.”

Nilipiga ukelele nikadhani koo limepasuka.

“Mama! Kanifutia!”

Mama alikuja mbio, unga hadi viwikoni. “Nani? Kakufutia nini?”

“Sentensi yangu, mama! Kaifuta!”

“Ile ya mume?”

“Ile ile!”

Mama akaketi palepale chini, mikono yake yenye unga akaiweka mapajani bila kujali nguo.

“Ndiye,” akasema. Kisha, alipopata pumzi: “Na wewe, usimrudishie tena.”

Kwenye kioo mashine ilikuwa bado inasubiri jibu, ibakize yangu au yake. Nikabonyeza yake.